Anwani ya Mwalimu Martina

Waliosoma wiki iliyopita wanamkumbuka Zuwena, binti wa Kilwa Kivinje. Mume alimwacha kwa ujumbe wa simu. Kibanda chake cha samaki wa kukaanga kikabomolewa. Mwisho akapata kazi ya ofisini Kilwa Masoko, kwenye kampuni ya kutembeza wageni magofuni, akadhani sasa ametua.

Hakutua. Kampuni ilikuwa ikituma matangazo kwa wateja wake wa zamani kwa barua pepe, na nyingi zilikuwa zikirudi. Mteja mmoja kahama kazi, mwingine kasahau nywila, mwingine aliandika anwani kwa haraka akaruka herufi. Wale wenye mtambo wa kusambaza barua hizo wakaonya: zikiendelea kurudi namna hii, tutaifunga akaunti yenu.

Bosi wake, Dominick, akamwambia asafishe orodha yote kabla msimu wa wageni haujaanza. Anwani iliyokufa, afute. Asipomaliza, kazi hana.

Zuwena hakuwa na moyo wa kufuta tu. Palipokuwa na namba ya simu, alipiga kwanza. Ndivyo alivyompigia Mwalimu Martina Likwata wa Rondo, aliyekuwa akileta wanafunzi Kilwa kila mwaka. Simu akaipokea mwanamume.

"Mwenye simu yupo," alisema. "Ila sijui kama ataweza kuongea."

Tuliishia hapo. Sasa sikilizeni yaliyomkuta.

"Mimi ni Francis, mume wake," yule mwanamume aliendelea. "Anaumwa sana. Ulikuwa na shida gani?"

Zuwena aliona aibu. Mtu yuko kitandani, yeye anauliza habari za anwani.

"Pole sana, baba. Basi nisimsumbue. Ni kampuni ya watalii hapa Kilwa, tulitaka tu…"

"Ngoja. Amesikia Kilwa. Anasema nimpe simu."

Ikasikika shuka ikivutwa, na pumzi ya mtu anayeinuliwa.

"Kilwa?" Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Barua zenu nilikuwa nazisoma zote. Ile anwani ilikuwa ya shule. Nilipoacha kazi wakaifunga."

"Basi nipe nyingine niandike, tuendelee kukutumia."

"Ya nini? Mimi sileti tena wanafunzi."

Zuwena akaanza kuomba radhi. Mwalimu akamwondolea tabu.

"Nahodha wenu bado ni yule yule?"

"Huseni? Yupo."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Na ukali wake uko pale pale."

Mwalimu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Francis akasikika akimwambia apumzike. Hakupumzika.

"Huyo alikuwa mkali tangu anatambaa," alisema. "Nimembeba mgongoni. Ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja."

Zuwena aliondoa mikono kwenye kompyuta.

Mwalimu Martina hakuzaliwa Martina. Alizaliwa Sauda, kisiwani Songo Mnara. Alipokwenda chuo cha ualimu akapendana na Francis Likwata, kijana wa Kimwera kutoka Rondo, Mkristo. Wakafunga ndoa kanisani. Baba yake aliposikia, aliita watu, ikasomwa hitma, wali ukaliwa. Sauda amekufa, alisema mzee, na asitokee mtu wa kulitaja jina lake ndani ya nyumba hii.

"Kwa hiyo kila ulipoleta wanafunzi…"

"Nilibaki gatini. Nilisema bahari inanichafua roho."

Zuwena akamkumbuka tangu msimu uliopita. Mwalimu mwenye miwani myeusi, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, amekaa peke yake akiwaangalia wanafunzi wakipanda boti. Huseni alikuwa akiwashika mkono mmoja mmoja, wala hakugeuka kumtazama mwalimu wao. Mtu kazaliwa kisiwani, ati bahari inamchafua!

"Mwanangu," mwalimu alisema, "hospitali wamenirudisha nyumbani. Hawana tena la kufanya. Niulizie kwa Huseni kama naweza kuja kumwona mama. Sitaki kingine."

* * *

Huseni alikuwa amefungua injini ya boti, mikono yote miwili imejaa grisi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Kuna wageni?"

"Hakuna wageni. Nimeongea na dada yako."

"Sina dada."

"Sauda."

Spana ikasimama. Huseni hakuinua uso.

"Sauda alikufa. Tulimsomea hitma. Ule wali niliula mimi mwenyewe."

"Yuko hai, kaka. Lakini hana siku nyingi. Anaomba aje amwone mama."

"Uliyeongea naye ni Martina. Huyo simjui." Sasa aliinuka. "Unajua baba alikufaje? Siku zake za mwisho alikuwa anaangalia mlango tu. Hali, hasemi, anaangalia mlango. Alikuwa anamngoja nani?"

"Kama alikuwa anamngoja, si alikuwa ameshamsamehe?"

Huseni aliitupa spana ndani ya boti ikalia kama risasi.

"Wewe umeajiriwa kufuta majina," alisema. "Nenda kalifute na hilo."

Zuwena alirudi ofisini akakaa. Hata hajafikiria atamwambiaje mwalimu, simu ikaita. Ni mwalimu mwenyewe.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mwalimu."

"Amesemaje?"

Zuwena aliisikia ile pumzi ikingoja. Alitaka kusema bado nitaongea naye tena. Alitaka kusema leo ana kazi nyingi. Maneno yaliyotoka ni mengine.

"Amesema uje."

Mwalimu akaanza kulia, akaita kwa sauti ambayo Zuwena hakudhani anayo: "Francis! Francis, amesema nije!"

Simu ikakatika. Zuwena aliuziba mdomo wake kwa mkono, lakini lililotoka limeshatoka.

Aliongopa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtesa mchana kutwa. Jioni akajikaza, akapiga simu aseme ukweli. Akapokea Francis.

"Binti, sijui umemwambia nini," Francis alisema kabla hata ya salamu. "Leo amekunywa uji. Bakuli zima. Ameniambia nimtafutie nguo nzuri. Hospitali walisema asisafiri, lakini nitamkataliaje? Nimeshaongea na mtu wa gari. Keshokutwa tunashuka. Mungu akubariki sana."

"Amina, baba," Zuwena alisema. Ukweli aliokuwa ameuandaa akabaki nao.

* * *

Kesho yake hakwenda ofisini. Alipanda boti ya abiria hadi Songo Mnara. Maji yalikuwa yamekupwa, akashuka mbali, akatembea kwenye tope la mikoko viatu mkononi, akaulizia nyumba ya Bi Mwahija, mama yake nahodha.

Alimkuta bibi barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na matope hayo?"

"Masoko. Nafanya kazi na nahodha Huseni."

Mikono ya bibi iliacha kusuka. "Huseni ana nini?"

"Hana kitu, ni mzima. Nimekuja kwa habari ya Sauda."

Alitarajia bibi atashtuka au atamfukuza. Bi Mwahija alitazama kwanza kulia, kisha kushoto, kama vile marehemu mumewe bado anaweza kusikia. Akamvuta Zuwena ndani.

Akafungua sanduku. Kanga zimepangwa, doti juu ya doti, nyingine hazijakatwa.

"Kila mwaka wanafunzi wakija kutazama magofu, mmoja ananiletea doti," alisema. "Ananiambia, zawadi ya shule, bibi. Mimi napokea, nasema ahsanteni. Lakini hapa kuna wazee wangapi? Kwa nini kanga ije kwangu tu? Nikajua. Huyu ni mwanangu, na yuko karibu."

"Na Huseni?"

"Si ndiye aliyekuwa anazileta kwenye boti yake? Alijua. Hakuniambia, lakini hakuzitupa baharini."

Zuwena akamweleza yote: ugonjwa, safari, na jinsi Huseni alivyokataa. Akaeleza na uongo wake, akilia. Bi Mwahija alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungeniuliza mimi ningekwambia sema aje," alisema. "Nipe mtandio wangu hapo. Tunakwenda."

Walimkuta Huseni gatini. Alipomwona mama yake akishushwa botini, matope hadi magotini, aliacha kila kitu akakimbia.

"Mama! Nani amekuleta?"

"Nimejileta. Kesho dada yako anakuja."

"Mama, baba alisema…"

"Baba yako alisema, mimi nikanyamaza. Nimenyamaza hadi nimezeeka. Sasa nasema mimi. Kesho utampakia dada yako kwenye hiyo boti, umlete kwangu."

Huseni alisimama mikono inaning'inia. Aligeuka, akachukua ndoo, akaanza kuosha boti. Aliiosha yote, mbele hadi nyuma. Kisha akaenda zake mjini, akarudi amebeba godoro kichwani, akalitandika chini ya turubai.

Zuwena alimtazama kwa furaha. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli kabla mwalimu hajafika! Nani angejua?

Furaha ile haikukaa. Dominick alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na dharura, bosi. Msiba… ugonjwa."

"Akaunti wameifunga asubuhi. Nilituma tangazo la msimu nikijua umeshasafisha, barua zikarudi kama mvua. Wageni wote tuliokuwa tukiwategemea hatuna tena njia ya kuwafikia. Nilikwambia futa, wewe ukawa unapiga simu za kusalimiana."

"Bosi, nilikuwa nataka tusipoteze watu."

"Umewapoteza wote. Kusanya vitu vyako."

Alikuwa na kikombe, kanga moja na chaja ya simu. Alivitia kwenye mfuko, akatoka. Hakumwambia Bi Mwahija. Bibi alikuwa na lake la kungoja.

* * *

Siku ya safari, Francis alipiga simu asubuhi. "Tumefika Mingoyo. Anauliza bahari iko upande gani."

"Mwambie kulia kwake," Zuwena alisema, na Bi Mwahija, aliyelala kwake usiku ule na sasa ameinamia simu pembeni, akarudia: "Kulia, kulia."

Baadaye simu ikaita tena. Safari hii ni mwalimu mwenyewe. Walikuwa wameshafika gatini; bibi alikuwa ameingia kibandani kwa mama lishe kuswali, na Huseni alikuwa anajaza mafuta.

"Zuwena, tuko Kiranjeranje. Francis ameshuka kununua maji, dereva anaangalia gurudumu. Nisikilize kabla hawajarudi."

"Nakusikia, mwalimu."

"Mimi huko nakokuja sirudi. Nalijua hilo. Nikishakwenda, nilazwe kisiwani, kwa mama. Francis usimwambie sasa, atageuza gari. Ni mtu mwema sana, ndiyo maana nashindwa kumwambia usoni. Nikishamwona mama nitamwambia mwenyewe. Nikishindwa, utasema wewe."

"Utasema mwenyewe, mwalimu. Utafika."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia."

"Haya. Wanakuja." Simu ikakatika.

Baada ya hapo hakupiga tena mtu. Zuwena alipopiga, simu iliita hadi ikachoka.

Gari liliingia gatini polepole, jeupe, vumbi limeligeuza rangi. Bi Mwahija alikuwa ameketi juu ya godoro dogo alilopewa na mama lishe, doti mpya ya kanga mapajani. Aliinuka bila kushikwa mkono. Huseni alivua kofia.

Gari likasimama. Hakuna aliyeshuka.

Zuwena alikwenda kwenye kioo cha nyuma. Francis Likwata, mzee mrefu mwenye mvi, alikuwa amekaa amempakata mkewe, kichwa kifuani. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa lililopigwa pasi, na mtandio wa hariri.

"Nilidhani amelala," Francis alisema. "Tulipopita Nangurukuru nikamwambia, Martina, tumebakiza kidogo. Hakuitika."

Bi Mwahija alimsogeza Zuwena. Akafungua mlango, akaingiza nusu ya mwili wake, akamshika binti yake mashavu yote mawili.

"Sauda," aliita. Akangoja. Akaita tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto aende chuo cha Kurani. Kisha akaikunjua ile doti, akamfunika miguu.

Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Huseni. Alianguka magotini pale chini, akashika mguu wa dada yake kwa mikono iliyobaki na grisi kwenye kucha.

"Nisamehe, dada! Nilikataa! Uliomba uje nami nikakataa! Nikasema simjui! Nisamehe, Sauda!"

Zuwena akasogea kumzuia, akachelewa.

Francis aliinua kichwa. "Ulikataa?"

Huseni alikuwa analia tu.

"Nahodha. Nakuuliza. Ulikataa?"

"Nilikataa, shemeji. Nilimwambia huyu binti nenda kalifute jina lake. Mama ndiye aliyekuja kunifungua macho."

Francis aligeuka taratibu kumtazama Zuwena.

"Wewe ulisema amesema aje."

"Baba…"

"Kwa neno lako nilimtoa kitandani. Hospitali walisema asitikiswe. Nimempitisha kwenye mashimo yote yale, anaumia, anauma mtandio nisisikie, kwa neno lako. Ulikuwa umeongopa?"

"Niliongopa, baba. Lakini baadaye nahodha alikubali, haki ya Mungu. Boti ile pale, godoro lile pale."

Francis hakulitazama godoro.

Huseni alijifuta uso, akasimama. "Shemeji, tutayasema baadaye. Sasa tumchukue. Tumwoshe, tumswalie, azikwe leo kabla jua halijazama. Kaburi la baba lina nafasi pembeni."

"Umzike nani?" Francis aliuliza. "Sauda mlimzika zamani. Huyu ni Martina, mke wangu wa ndoa. Wanangu wako Rondo, walimuaga anatabasamu. Niwarudishie nini? Gari tupu?"

"Amekuja kwa mama yake!"

"Amekuja kusalimia. Kusalimia siyo kuzikwa."

Hapo Zuwena alijua zamu yake imefika.

"Baba, alinipigia toka Kiranjeranje. Ulikuwa umeshuka kununua maji. Alisema akishakwenda, alazwe kisiwani, kwa mama yake. Alisema wewe ni mtu mwema sana, ndiyo maana anashindwa kukwambia usoni."

Machozi yalikuwa yakimteremka Francis, lakini sauti haikutikisika.

"Binti. Juzi ulituambia la uongo, nikaliamini, mke wangu amekufa njiani. Leo unaniambia jingine, na wa kulishuhudia hayupo. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeamini?"

Zuwena aligeuka kwa dereva. "Kaka, wewe ulisikia?"

"Nilikuwa naangalia gurudumu, dada," dereva alisema, akainamisha kichwa.

Akamgeukia Bi Mwahija. Bibi alikuja akamshika mkono.

"Mimi nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini mimi ni mama. Leo mtu akiniambia lolote la kunibakizia mtoto, nitaliamini."

Francis alimweka mkewe vizuri kifuani, akamfunika uso kwa mtandio. Ile doti mpya ya kanga hakuiondoa. Akafunga mlango. Kitasa kikalia.

Huseni alikwenda akaushika mlango akauvuta. Haukufunguka. Akaanza kupiga kioo kwa kiganja, akiita shemeji, shemeji.

Injini ikawaka.

Bi Mwahija aliuachia mkono wa Zuwena. Alizunguka mbele ya gari, akatandika mtandio wake chini, akaketi juu yake miguu imenyooka, mgongo umegusa bampa. Watu wa gatini wakaanza kukusanyika. Dereva alitoa kichwa nje, akamwona bibi, akageuka nyuma kumtazama mzee mwenye mvi.

"Mzee, nifanyeje?"

Zuwena alikimbilia kioo. Akamwona Francis ameinamisha uso wake juu ya uso uliofunikwa, akinong'ona kitu ambacho hakuna mwingine aliyepaswa kukisikia. Kisha akainuka.

"Endesha," alisema.